Chupa ya Maji Chini ya Kiti Chako

Bakari,

Wamekufanya mtakatifu. Tangu tukuzike hakuna mtu hapa Mbagala anayekutaja bila kuinamisha kichwa. Wachezaji wako wa zamani, wenye vitambi sasa, wameanzisha kombe la shule za msingi kwa jina lako. Fainali ni Jumamosi, na mimi, mzee wa kushikwa mkono kwenda chooni, nimeombwa nieleze kwenye kipaza sauti ulikuwa mtu wa namna gani.

Nilicheka mpaka kifua kikabana.

Juzi walinipeleka kuona mazoezi. Jua la saa nane, watoto wanazunguka uwanja, na kijana anayejiita mrithi wako amekaa kivulini na filimbi yake. Mtoto mmoja akaomba maji. Kijana akamjibu kwa maneno yako, tena kwa ile sauti yako ya puani: "Maji yanalegeza magoti. Utakunywa ukishinda." Wazazi wakatabasamu, wakasema Mwalimu Bakari bado yupo.

Yupo kweli. Ndiyo maana nakuandikia.

Unamkumbuka Mwanaidi, yule binti wa darasa la sita aliyekuwa akikushindia vikombe vya mbio? Nilikuwa darasani nasahihisha madaftari ya Sayansi niliposikia kelele uwanjani. Nikamkuta chini, ngozi kavu inachoma kama bati, anamwita bibi yake aliyekwisha kufa. Na wewe, mtu mwenye cheti cha ualimu, ukatangaza kuwa ana mapepo. Mwalimu mmoja akawa anamsomea dua, mwingine anakemea kwa jina la Yesu, wote mmemzunguka mmemzibia upepo. Ulikuwa umejifunika taulo kichwani, Bakari. Jua ulilijua vizuri lilipohusu kichwa chako. Na chini ya kiti chako palikuwa na chupa ya maji, ya baridi, imetoa jasho kuliko yule mtoto.

Mimi na Mwalimu Tumaini tulimburuta hadi kivulini. Tukammwagia ndoo ya maji ya kudekia, tukampepea kwa madaftari hadi gari lilipopatikana. Ukawa unanifokea eti nimnyweshe. Mtu asiyejitambua hanyweshwi kitu, hilo nalo hukulijua. Alipona, ila hakukimbia tena. Ukasema mbele ya wazazi kwamba dua zilijibiwa.

Wiki iliyofuata mtu alikwenda kwa afisa elimu, akaeleza yote, ukahamishiwa Kimbiji, kijijini huko pwani, hadi walipokurudisha mwaka uliofuata. Ulilia barazani kwangu kama umepelekwa gerezani Ukonga. Ukaapa kwamba ni Tumaini, kwa sababu alikuwa mwanamke na alikuwa na mdomo. Tangu siku hiyo hukuitikia salamu yake. Mumewe alipofariki ukawakataza walimu wenzetu kwenda msibani, nao wakakutii, makondoo wale.

Ni mimi, Bakari. Nilikwenda kwa miguu yangu, na nilikaa mbele ya afisa mpaka akanisikiliza. Siombi radhi kwa hilo. Ninalojidharau kwalo ni kwamba jioni baada ya jioni, miaka yote ile, tulicheza drafti, ukamtukana Tumaini, nami nikakumiminia kahawa na kusema, "Achana naye, ndugu yangu." Niliogopa kubaki bila mtu wa kucheza naye drafti. Kwa bei hiyo nilimuuza mwanamke yule. Wewe ulikuwa mjinga, na mjinga ana kisingizio. Mimi nilijua.

Na bado nakukosa. Drafti ipo mezani, kete zako ni vile vizibo vyekundu, sijavigusa. Ulikuwa unaiba kete nikigeuka kukohoa. Nilikuwa nakuona.

Jana nilimwita Tumaini nikamwambia. Nilitegemea alie, au anitukane. Alikunja kanga yake taratibu, akasema, "Nilijua siku nyingi, Mwalimu Elia. Nilikuwa nangoja uone aibu." Kisha akauliza fainali inaanza saa ngapi.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi nitapokea kipaza sauti chao, nitawasimulia habari za Mwanaidi na chupa yako, na nitasema nani alikwenda kwa afisa. Nitamtaja Tumaini kwa jina lake lote, mbele ya wale wote waliokosa msiba wa mumewe. Wakitaka kuninyang'anya kipaza sauti waninyang'anye, sina uzima wa kung'ang'ania. Lakini yeye atakuwa amekwisha kupanga ndoo za maji na vikombe kandokando ya uwanja, na filimbi ya mrithi wako atakuwa ameikalia. Ana uzito wa kutosha.

Haitalia kabla mtoto wa mwisho hajanywa. Hilo nakuahidi.

Pumzika huko, ndugu yangu. Nami siko mbali. Nikifika nitakuja na drafti, na safari hii sitageuka nikikohoa.

Elia