Jina la Marehemu Limenitoka

Unakumbuka jirani aliwahi kuniuliza, "Hivi hivyo vidonge vyako vya kolesteroli havikusahaulishi?" Nikamcheka.

Mwenzangu, jana naongoza sala ya kina mama, jina la marehemu mume wangu likanitoka. La mume wangu! Miaka thelathini nimemwita kila asubuhi!

Leo nimemweleza daktari kwamba huku kusahau kumeanza na hizo dawa. Eti, "Huo ni uzee, mama. Hata bibi yangu anasahau."

"Bibi yako ana miaka mingapi?"

"Tisini."

"Mimi hamsini na sita!"

Bibi yake! Nimefananishwa na bibi yake!

Nikamwambia, "Sijaacha kumeza hata siku moja. Labda si dawa, mimi si msomi. Wewe andika tu kwenye faili kwamba nimeuliza."

Akafunga faili bila kuandika kitu, akatoka.