Fanyeni Kama Sipo

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na magoti yako. Nimepata chumba ghorofa ya tatu, katika jengo lenye ngazi moja na bomba moja uani. Uliniuliza nitatafiti nini: namna watu wasio ndugu wanavyoishi wakigawana ngazi na maji. Usicheke. Jana nilipita mlango kwa mlango kujitambulisha. Niliwaomba wote, fanyeni kama sipo, nisije nikawavurugia maisha yenu. Jirani yangu wa ukutani, mama mmoja fundi cherehani, akasema haya, mwanangu, hilo tu?

Mwanao, kitinda mimba

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika ila dukani yananifikisha. Nimewaambia wenzangu wa kijiweni kwamba unasomea majirani, wakauliza kama kuna mtihani wake. Unakula na nani?

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Unisamehe kwa kimya. Kazi inakwenda vizuri mno. Najua nani hasemezani na nani, na nani humtangulizia mwenzake ndoo bombani. Kila apandaye husimama kwa fundi kumwaga umbea, nami nimekaa ngazini na daftari, wananipita kama nguzo. Mwalimu wangu amenisifu, anasema wachache huzoeleka hivyo.

Nakula peke yangu, baba.

Mwanao

3 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua zako mbili zilinikuta kitandani. Niliugua homa, sasa sijambo. Siku moja niliwasikia nje ya mlango wangu. Fundi akasema, "Tubishe? Simsikii siku hizi." Mwenzake akajibu, "Si alisema tufanye kama hayupo? Tutamharibia kazi yake." Wakaondoka taratibu, kwa adabu zao zote. Sikuwa na sauti ya kuwaita. Nililia, baba, na si kwa homa.

Mwanao

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Ningekuwa na magoti ya zamani ningekuwa hapo. Watu wamekutii tu, usiwalaumu. Kabishe hodi wewe.

Baba yako

9 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nilibisha. Fundi akatoka na utepe shingoni, akauliza, "Kazi yako imeisha?" Bado mwaka mzima, na nilijua nikisema hivyo atanirudisha chumbani kwa wema wake. Nikasema imeisha. Akanivutia kigoda.

Akanisimulia habari za marehemu mumewe, na za binti yake ambaye hampigii hata simu. Mwalimu wangu angezipokea kwa mikono miwili. Sitaziandika. Tena siwezi kurudi kukaa pale ngazini na kalamu, kwa hiyo kesho naenda kumwambia mwalimu naacha. Nakuonea aibu wewe uliyejisifu kijiweni, na nina hofu sijui nitafanya nini baada ya hapa.

Nilipoinuka kuaga, fundi alinishika mkono akaniuliza, huku akiona haya, ninaitwa nani.

Mwanao