Pale Malori Yalipozunguka

Kachibora, 12 Julai 2023

Wacera mama,

Bwana asifiwe. Mimi niko salama, ni masikio tu yamekataa simu kabisa, ndiyo maana nakuandikia na kumpa Mathenge wa duka akuletee huko Bungoma. Wewe u mzima? Unakula?

Yale malori yenu ya kutikisa ardhi yamefika kwa jirani yetu Gathogo, pale mlipochimba kisima cha kwanza mkapata gesi. Kesho ni kwangu. Mahindi yameanza kubeba, nao wanataka kupita katikati! Si wewe ndiye unasoma hiyo mitetemo huko ofisini? Waambie wazunguke, tafadhali.

Ni mimi baba yako,
Ndirangu

Bungoma, 9 Februari 2024

Baba mpendwa,

Natumaini umeamka vyema na magoti hayasumbui. Mimi niko sawa, ila kazi imenichosha.

Malori yalizunguka, uliona. Sasa kampuni haitajenga chochote mpaka ijue kama mwamba wenye gesi umeshikana kutoka kwa Gathogo hadi kwako, ama ni vipande vipande. Mitetemo inaonyesha umeshikana. Tutachimba kisima cha pili kuhakikisha, na mahali penyewe ni kwako, hapo chini palipo sawa.

Baba, najua nani amelala hapo. Nimejaribu kusogeza kisima nikashindwa. Naomba tumhamishe mama. Ramani nimechora mimi mwenyewe, niamini.

Binti yako,
Wacera

Kachibora, 3 Aprili 2024

Wacera mama,

Tumeamka, tunashukuru Mungu. Huko mvua imeanza?

Jana tumemhamisha. Pasta aliomba, wanaume wakachimba. Sanduku lilikuwa limeoza, Wacera. Miaka kumi na moja. Ilibidi wamtoe kidogo kidogo, nikaenda nikaleta blanketi la kitanda chetu nikamfunga mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemwahidi tutalala pamoja pale. Sasa yuko kando ya ua, karibu na barabara, na nafasi ni ya mtu mmoja.

Watu wa kanisa wanasema ati nimeuza kaburi. Nimewajibu binti yangu amesoma, hawezi kukosea. Sikukuona ukija. Najua ni kazi.

Baba yako,
Ndirangu

Bungoma, 20 Septemba 2024

Baba,

Hata salamu zimenishinda leo. Kisima cha kwako hakina gesi. Ni maji ya chumvi tu. Kati yako na Gathogo mwamba umekatika, na upande wako umeshuka chini sana.

Mahali ulipokatikia ni chini ya yale mahindi. Malori yalipozunguka, ramani ilibaki na pengo hapo. Nilikuwa na mstari huku na mstari kule, nikaunganisha kwa penseli, nikaandika umeshikana. Mkubwa wangu, Nyongesa, aliniuliza kama tuna vipimo vya katikati. Nikasema ndiyo. Niliogopa angeuliza ni nani aliagiza malori yazunguke.

Mama nimemtoa bure. Silali, sili. Nisamehe, baba. Nitakuja Jumamosi ijayo.

Binti yako,
Wacera

Kachibora, 26 Septemba 2024

Wacera,

Barua nimeisoma mara tatu. Usije Jumamosi.

Yale mahindi ningeyafyeka kwa mkono wangu. Si ungeniandikia tu, "Baba, hapa sioni"? Ningepanda mengine. Na kwa sababu mimi ndiye niliomba wazunguke, hata kukukasirikia vizuri siwezi. Hilo ndilo linanimaliza.

Mashine zimeng'olewa. Nimewauliza watu wa kampuni kama mama yako anaweza kurudi pale. Wamemwaga simiti, jembe haliingii. Na kumsumbua mara ya pili, hapana, sina huo moyo.

Pasta nimemwonyesha pangu pa kuzikwa, huku juu nyuma ya zizi, mbali na mama yako. Siku hiyo ikifika njoo kama watoto wengine, ukae, ulie. Lakini wakianza kuchimba, wewe usiwaonyeshe mahali.

Baba yako,
Ndirangu