Bwawa Ulilolifanya Zizi

Baba,

Shikamoo sikupi leo. Nitakupa nikipoa, na sijui nitapoa lini.

Tulipomaliza matanga, kaka Masanja na baba wadogo waligawana ng'ombe wako. Mimi nikaambiwa mtoto wa kike harithi zizi, nichukue bwawa la samaki. Walicheka waliposema hivyo. Na bwawa lenyewe uliniachia likiwa linanuka, wewe unajua.

Sato walielea ubavu-ubavu, vidonda vyekundu mgongoni, mapezi yameliwa, wengine macho yamewatoka. Nikafuata akili yako: nikachukua ile dawa ya sindano ya ng'ombe uliyoiacha dirishani, nikaimimina majini. Wakazidi kufa. Nilikaa ukingoni nikakutukana, Baba, kwa jina lako kamili.

Afisa uvuvi alikuja, binti mdogo kuliko mimi. Akauliza nani alikuwa akimimina dawa humu. Nikakutaja, sikukuficha. Akasema ugonjwa ni wa bakteria, na kwamba bakteria hao wameshaizoea dawa yako kwa sababu uliwaonjesha kidogo kidogo kila ulipoona mzoga. Dawa ya samaki huchanganywa kwenye chakula, kwa kipimo, mpaka siku zake ziishe. Lakini kwanza, akasema, samaki hawa wamebanana mno. Wakibaki hivi hata dawa nzuri ni kazi bure.

Hapo ndipo nilipokuchukia. Kwa sababu nilikwambia! Kila mwaka nilikwambia tuvue, tuuze sokoni Tinde. Wewe unasimama pale na fimbo yako kana kwamba unachunga, unanijibu: "Mfugo haupunguzwi, Kabula. Unaongezwa." Ulitaka wapita njia waseme mzee yule ana kundi hata majini.

Basi kundi lako nimelipunguza. Wagonjwa mahututi na mizoga niliwatoa kwa wavu, nikawafukia mbali na maji na kuwamwagia chokaa. Maji machafu nimeyapunguza, nikaingiza ya kisima kwa pampu ya kuazima. Waliobaki wanakula dawa aliyoipima yule binti, na siuzi hata mmoja mpaka aniambie dawa imekwisha mwilini mwao. Vidonda vinafunga. Masanja alipita akauliza kama nahitaji mshirika. Nikamwambia arudi zizini kwake.

Jana asubuhi samaki hawakuja kula. Nikaogopa. Hili bwawa ndilo pekee nililopata kwako, likifa sina kitu. Nikapiga mluzi wako, ule wa kuitia ng'ombe, uliowapigia hata hawa kila ulipowalisha. Wakaja, Baba. Wakaja wote. Nililia kwa hasira, maana nimewatibu mimi, na bado wanakuitikia wewe.

Haya, lala. Kaburi lako nitalipalilia, hilo ni wajibu wangu, wala usidhani ni msamaha. Na ninakuahidi: wakinenepa nitawauza. Nitawavua mchana kweupe, watu wakiona, na nitawaita kwa mluzi wako huohuo.

Mwanao,
Kabula