Makofi ya Pasikali

S.L.P. 9,
Kibondo.
14 Septemba 1976

Mpendwa binamu Gharibu,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, ila miguu imechoka. Hujambo na joto la Tanga? Na goti la shangazi, limepata nafuu? Mwambie aache kulipaka mafuta ya taa, mambo gani hayo!

Najua kaka Isihaka wa dukani Kasulu ameshawaandikia kwamba nauguza vichaa na sasa natafutiwa jela. Domo lake nalo! Tulieni, nimesalimika.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita ndugu walimleta hospitalini kwetu kijana Pasikali kutoka Gwarama, kachanganyikiwa, kafungwa kamba ya katani mikono yote miwili. Ndivyo wafanyavyo huku, si kwa ukatili, ni kwa hofu. Wenzangu wakataka nimchome sindano ya usingizi upesi. Nikasema, ngojeni. Nikaandika kwanza kwenye faili: amekuja amefungwa, vifundo vya mikono vina vidonda, viganja vimevimba. Nikaongeza: hawezi kupiga makofi. Huku, binamu, Muha hasalimu mtu bila kupiga makofi, na yule maskini alijaribu, akalia kwa maumivu. Nikamsomea kaka yake, Melkiadi, akaweka alama ya dole gumba. Ndipo nikamfungua.

Wiki iliyofuata akaja baba yao mdogo, anafoka wodi nzima: "Manesi mmemharibu mwanangu mikono! Twende polisi!" Sikufichi, binamu. Kazi yangu niliiona inaondoka hivi hivi.

Mganga mkuu akaitisha faili, akalisoma mbele yetu sote. Melkiadi akainamisha kichwa. "Baba, kamba ni yetu. Tuliogopa asijitupe motoni." Mzee akaniomba radhi. Hasira zangu unazijua. Nilikuwa na la kumjibu, nikalimeza.

Haya, wewe uliyenicheka eti naandika kama karani wa mahakama, leo unasemaje?

Pasikali alianza kula, kulala, hata kufagia wodi bila kuambiwa. Jana karudi kwao. Mlangoni akageuka, akainama, "Mwidiwe, mama," ndiyo salamu yao Waha, akanipigia makofi taratibu, viganja vizima kabisa. Nikalia mbele za watu. Kisha nikalifungua faili, nikaandika chini ya yote: amepiga makofi.

Nisalimie shangazi, Mwamvua na wanawe. Mungu awafunike kwa rehema zake, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata ukinicheka,
Kuruthumu