Programu Mpya Imemfuta Mjomba

Wewe, uko hapo? Usinipigie, mjomba yuko studio, amekaa nyuma yangu.

Unakumbuka alivyoikataa programu mpya ya kurekodi? "Ya zamani imenizoea. Hiyo mpya ikiniharibia wimbo, utatafuta kazi kwingine." Mbele ya kwaya yake nzima.

Sasa sikia. Leo kakubali niijaribu. Hii mpya inafuta kelele yenyewe. Feni imeifuta. Jenereta ya jirani imeifuta. Na sauti ya mjomba imeifuta. Yote. Imemweka kundi moja na jenereta.

Nimegundua wimbo ukiwa tayari kwenye spika, kwaya yote imesimama inasikiliza. Nikajua leo kazi sina.

Shangazi anafuta machozi, anasema hawajawahi kuimba vizuri hivi. Hakuna aliyeuliza mjomba yuko wapi. Nakwambia hakuna.

Mjomba mwenyewe kafumba macho, anajitingisha kwa raha. "Mnanisikia hapo? Hapo ndipo nilipopandisha sauti."

Wakaitikia wote, "Tunakusikia, mzee."

Sasa kanishika bega. Anataka Jumapili niifunge programu hii kwenye maiki yake kanisani, ili waumini nao wafaidi.