Kinga Sitakuazima

Shawnee, Oklahoma
Jumapili

Kaka Wendell,

Mvua imenyesha na mbwa amepona. Sasa tuje kwenye barua yako, ile uliyoandika kwamba binti yangu Tessa ni mdogo mno kuwa mrushaji wa mpira wa softiboli, afadhali nimwachishe. Hujawahi kumwona akirusha, lakini hukumu umeshaitoa.

Majira yote ya baridi nimekaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikimdakia mipira kwa glavu ya marehemu baba yake. Bado inanipwaya. Miundi yangu imevilia damu kwa kugongwa na mipira, hata nikanunua kinga za miguu.

Jana uwanjani kocha alikuwa anachagua warushaji wa timu. Alipomwona Tessa alitabasamu, akaikalia ndoo niliyokuja nayo bila kuvaa kinga zangu.

"Tupa tu, binti, usiniogope."

Mpira wa tatu ulizama ghafla chini ya glavu yake, ukamgonga muundi.

"Nipunguze kasi, kocha?" Tessa akauliza.

"Usithubutu. Mama Tessa, naomba hizo kinga."

Amechaguliwa, Wendell. Njoo Sikukuu ya Shukrani uyarudie maneno yako ukiwa juu ya ndoo. Kinga sitakuazima.

Dada yako mwenye miundi ya zambarau,
Lorna